Namba za Mtaa Mzima

Mimi nimesoma mita za maji kwa miaka thelathini na moja. Kazi yenyewe ni kuinama, kufuta vumbi kwenye kioo, kusoma namba kwa sauti, kuandika, kuinuka, kushika kiuno, halafu nyumba inayofuata. Nilipostaafu nilijiambia namba basi. Nitakaa barazani na chai yangu, na mtu asinitajie hata tarehe. Wapi. Nyumbani kwangu namba zilikuwa zinaingia kila saa, na zote zilikuwa za watu wengine.

Mke wangu wanamwita Mama Namba. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya wilaya, wa enzi zile za mashine zinazolia kama mvua ya mawe juu ya bati, na baadaye kompyuta zilipokuja akajifunza kabla ya mabosi wake. Ofisi zilipoanza kukataa barua za karatasi na kuwaambia watu waombe kazi kwa mtandao, watu wa mtaa wetu walimjia na bahasha zao mkononi, hawajui pa kuanzia. Akawafungulia barua pepe, mmoja mmoja, mezani petu pa kulia chakula. Na kila alipofika pale panapoulizwa namba ya simu ya kukuokoa ukisahau neno lako la siri, aliandika ya kwake. Kwa nini? Kwa sababu watu wetu hubadilisha laini kama wanavyobadilisha shati. Leo anayo hii, kesho kaitupa kwa sababu kuna mtu anamkimbia. Laini ya mke wangu ilikuwa moja tangu siku ya kwanza, na kila mtu aliijua kwa kichwa.

Wakafika watu mia moja themanini na kitu. Kila mmoja wao akisahau neno lake la siri, au akinunua simu mpya, au akikosea mara tatu kwa sababu ya vidole vinene, kampuni ilituma namba sita kwenye simu ya mke wangu. Halafu mwenyewe anapiga, "Mama Namba, zimefika?" Tukiwa mezani, wanapiga. Tukiwa msibani, wanapiga. Mimi nikiwa katikati ya kisa kizuri, ndio kabisa, kana kwamba wamesubiri nyuma ya mlango. Nililalamika mpaka nikachoka kulalamika.

Lakini hakuwa mtu wa kugawa tu. Kila aliyepiga alimwuliza swali kuhusu siku ile walipofungua, na hakuwa ameandika popote. Yote yalikuwa kichwani. Muuguzi wa zahanati aliulizwa siku ile mkono wake ulikuwa na nini, akajibu bandeji, aliungua na pasi. Mwalimu mstaafu aliulizwa alikataa kujaza nini, akajibu kwa hasira kidogo, mwaka wa kuzaliwa, haiwahusu. Ukikosa jibu hupati kitu, hata ulie. Kuna shemeji yangu mmoja alinyimwa namba zake wiki nzima kwa sababu alisema walifungua asubuhi, na mke wangu akasema ilikuwa jioni na shemeji alikuwa na kikohozi. Alikuja mwenyewe na kitambulisho ndipo akahudumiwa, kanuna, hataki hata maji ya kunywa.

Kila asubuhi baada ya taarifa ya saa moja redio ilikuwa na habari za teknolojia, dakika saba hivi, na mke wangu alizisikiliza kama wengine wanavyosikiliza matangazo ya vifo. Wezi wamedukua hospitali fulani huko mbali. Wezi wamevunja hifadhi ya kampuni fulani, majina milioni kadhaa yako nje. Anatikisa kichwa, anasema, "Hao waliwapa watu wasiowajua." Anaongeza sukari.

Sasa macho ya mke wangu. Daktari aliita presha ya macho, akasema kilichopotea kimepotea, tulinde kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kama mwanga unaopita chini ya mlango. Mke wangu alituomba mimi na binti yetu tusimwambie mtu. Binti yetu ndiye mtoto wetu pekee, anafanya kazi mji mwingine, ofisi ya bima. Alilia kwenye simu siku mbili, siku ya tatu akatuma simu mpya, ya kampuni ambayo sitaitaja kwa sababu sitaki kuifanyia biashara. Simu ile ilikuwa na kitu kimoja ambacho nyingine hazikuwa nacho. Ujumbe ukiingia, unaigonga mara mbili, inakusomea kwa lugha yetu, sauti ya mwanamke, imenyooka vizuri. Mke wangu anaiweka sikioni, anasikia namba sita, anamwuliza mtu swali lake, anampa. Hakuna aliyejua chochote. Mimi ile sauti niliiita mke mwenza, na nakiri nilimzoea, maana tangu aje sikuulizwa tena miwani yangu iko wapi.

Mwaka na nusu mambo yakaenda hivyo.

Kisha asubuhi moja redio ikasema kampuni mbili za simu zimepelekana mahakamani kwa ajili ya hataza. Hataza ni ile hati ya kusema jambo hili nimelibuni mimi, mwingine asiliguse bila ruhusa yangu. Moja ilidai kwamba njia ya simu kusoma ujumbe kwa kugongwa mara mbili ni yake, nyingine imeiba. Mtangazaji alisema mashauri ya namna hiyo huchukua miaka. Mimi nikacheka. Nikasema watu wazima wana kazi zao nzuri, wanagombania kugonga. Mke wangu hakucheka. Aliuliza, "Wamesema kampuni gani?"

Wiki ya tatu simu ikajisasisha yenyewe, tukiwa tunachambua maharage. Ikazima, ikawaka. Ujumbe ulipoingia mke wangu aliigonga mara mbili na kuiweka sikioni, akangoja. Akaigonga tena. Mimi nilichukua ile simu nikasoma maandishi kwenye kioo, kwamba kwa sababu ya amri ya mahakama huduma ya kusomewa ujumbe imesimamishwa hadi shauri litakapoamuliwa, na wanaomba radhi kwa usumbufu. Mahakama yenyewe iko nchi ambayo hata majira yake hayalingani na yetu. Binti yetu alisema kwenye simu kwamba kuna programu nyingine za kusoma, alijaribu kuniongoza kuiweka moja, tukahangaika siku mbili, ikawa inasoma kwa lugha za wenyewe. Namba zetu ilizitamka hata mimi sikuzielewa.

"Basi utanisomea wewe," mke wangu akasema. "Wewe si msoma namba?"

Nikawa mke mwenza.

Nasema kweli, nilichoka kuliko miaka ile ya mita. Mita husomi ukiwa chooni. Mtu akipiga, mke wangu anaongea naye, anauliza swali lake, ananigusa goti kama jibu ni sawa, mimi namnong'oneza namba mbili mbili, naye anazitoa kwa sauti yake ya kawaida ili mtu asiingiwe na shaka. Tulikaa bega kwa bega kutwa nzima kama wanafunzi wanaoibiana mtihani. Nikitoka kununua chumvi lazima nirudi mbio. Nilianza kuwachukia watu ambao hawajanikosea kitu, kosa lao ni kusahau tu. Na usiku uliokuwa wetu wa kupumzika tulilala mapema kama kuku kwa kuchoka.

Ndipo redio ikatangaza lile jambo la wizi mkubwa wa maneno ya siri. Kila mwenye barua pepe abadilishe la kwake mara moja, mtangazaji akasema, na usimpe mtu yeyote namba utakazotumiwa. Mtaa mzima ukabadilisha kwa pamoja. Kufika saa sita mchana wa siku ile tulikuwa tumehudumia watu arobaini na mmoja, mke wangu kichwa kinamgonga, mimi koo limekauka. Nikamwekea dawa ya macho, nikamfunika, nikamwambia lala saa moja tu, dunia haitaanguka. Akalala. Simu nikabaki nayo barazani.

Ikatetemeka. Namba sita. Mara ikaita, nikapokea.

"Habari za mchana mzee," sauti ikasema, ya taratibu, yenye adabu. "Ni Mwalimu hapa. Samahani kwa usumbufu, nafuata maagizo ya redio. Zimefika?"

Sauti ilikuwa nzito kidogo. Alisema ana mafua, na mimi nikampa pole. Sikumwuliza kitu. Maswali yalikuwa kichwani mwa mke wangu, naye ndiyo kwanza anapata usingizi, na miaka thelathini na moja nimefunguliwa geti na watu wenye adabu wakaniuliza mita inasema ngapi, nami nikawasomea. Namba ikiulizwa vizuri mimi nasoma. Ndivyo nilivyo. Nikasoma zote sita, tena nikarudia zile mbili za mwisho asije akakosea. Akashukuru. Nikaona nimefanya jambo la maana, sikumwamsha mgonjwa. Alipoamka nilimwambia hakuna aliyepiga, kwa sababu nilijua angenilaumu kwa kutomwuliza Mwalimu swali, na sikuwa na nguvu za kulaumiwa.

Siku mbili baadaye Mwalimu akapiga hodi. Fundi cherehani alikuwa amekaa pale sebuleni anangoja namba zake, kwa hiyo na yeye aliyasikia yote. Mwalimu ni mtu wa miaka sabini na moja, mwembamba, kola imefungwa mpaka juu. Ana ukurasa kwenye mtandao ambao huweka picha za madarasa yote aliyofundisha, na wanafunzi wake wa zamani, wengine wajukuu wanao, huandika pale kumsalimia. Tangu juzi ukurasa ule ulikuwa unauza dawa ya nguvu za kiume. Picha yake iko pale pale juu, na tai yake, na chini yake maneno kwamba yeye mwenyewe ametumia na mkewe ni shahidi. Picha za madarasa zimefutwa zote. Asubuhi ile mwanafunzi wake mmoja, diwani sasa, alimsimamisha sokoni akamnong'oneza akitaka chupa mbili.

Siku nyingine ningeanguka chini kwa kicheko. Niliangalia viatu vyangu.

"Mama Namba," Mwalimu alisema, "mimi sikuomba namba yoyote. Nimeuliza vijana wa kompyuta, wakasema mtu hawezi kuingia bila zile sita. Na zile sita huja kwako peke yako."

"Mwalimu, sijakupa namba wiki hii," mke wangu akasema.

"Najua hukunipa mimi."

Mke wangu akageuza uso upande wangu, polepole, na kwa kuwa hanioni nilidhani hatayaona yaliyoandikwa usoni kwangu. Aliyasikia. Nadhani alisikia ninavyopumua. Akamrudia Mwalimu, akasema, "Basi labda nimesahau. Watu walikuwa wengi siku ile. Labda nilikosea nikampa mtu."

Yeye, kusahau. Anayekumbuka kikohozi cha shemeji. Niliona fundi cherehani anamtazama kwa mshangao, niliona Mwalimu anafungua mdomo amwambie neno ambalo lisingerudi, na moyo wangu ukashindwa. Nikasema, "Nilizisoma mimi. Alikuwa amelala. Mwalimu, namba zote nasoma mimi sasa, yeye haoni. Haoni mwaka wa pili huu."

Mwalimu alimwangalia mke wangu machoni, yale macho aliyoyaangalia miaka yote, kama mtu anayekagua noti. Kisha akasema pole. Akasema pole mara tatu. Hakugomba hata kidogo, na ingekuwa afadhali angegomba. Akaondoka na fundi akaondoka naye, bila namba zake.

"Ungeniacha nionekane msahaulifu," mke wangu akasema tulipobaki wawili.

"Ingekuwa uongo."

"Ingekuwa uongo wangu. Ningeubeba mwenyewe." Alikuwa anakunja kile kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja. "Lile ulilosema lilikuwa langu pia. Nilikupa ulitunze."

Yule mtu aliyepiga kwa jina la Mwalimu alikuwa nani hatujui mpaka leo. Mtaa mzima ulijua kwamba namba zinapitia kwa Mama Namba, watu walimsifia hivyo hata kwa wageni, na mwenye masikio alisikia. Mimi hasira zangu nilizipeleka kwa zile kampuni mbili na hataza yao, kisha kwa redio, kisha kwa vijana wa kompyuta. Zilizobaki zilinirudia.

Watu wakaanza kuja kuondoa namba. Na hili mtu asiyelijua hawezi kuelewa uchungu wake. Ukitaka kuondoa namba ya kukuokoa na kuweka nyingine, kampuni kwanza inatuma namba sita kwenye ile ya zamani, kuuliza kama kweli. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwacha mke wangu bila mke wangu kumfungulia mlango. Wakaja wiki tatu, wawili kwa siku, kumi kwa siku. Wote wana sababu nzuri. Muuguzi alisema ni sheria mpya ya zahanati. Fundi cherehani alisema mwanawe amemnunulia laini, hataki kumvunja moyo. Mwingine alisema, "Tunakupunguzia mzigo, mama, umetubeba vya kutosha," na huyo nilitamani kumtoa na kiti chake. Mwalimu, aliyekuwa amerudishiwa ukurasa wake bila picha hata moja, alikuja wa mwisho, akakaa muda mrefu, hakutoa sababu yoyote.

Na mke wangu alimwuliza kila mmoja swali lake. Mtu yuko mbele yake, sauti anaijua, mimi namwona kwa macho yangu mawili, lakini anauliza. Siku ile ulikuja na nani. Ulikuwa umevaa nini. Kwa nini ulicheka tulipofika kwenye jina la mama yako. Nao wakajibu, wengine kwa kigugumizi, na mmoja wao aliinuka akaenda kusimama uani kidogo kabla ya kujibu. Jibu likiwa sawa ananigusa goti, ingawa hapakuwa na wa kumficha tena. Nami nasoma kwa sauti.

Jana adhuhuri simu iliita, nikaona ni binti yetu. Mke wangu alikuwa jikoni, anaosha vikombe kwa kupapasa, mlango uko wazi.

"Baba, usiseme jina langu," binti akasema kwa sauti ya chini. "Mama yuko karibu?"

"Yuko."

"Kazini wametukagua. Wanasema namba ya kuokoa barua pepe lazima iwe ya mfanyakazi mwenyewe. Nimeshaandika ya kwangu. Zitaingia sasa hivi, nisomee tu, taratibu. Nitamwambia mwenyewe nikija." Akashusha sauti zaidi. "Baba, nimechoka mwenzenu. Sitaki kumwumiza. Nisomee tu."

Simu ikatetemeka mkononi mwangu, nikiwa bado nimeiweka sikioni.

Maji yakafungwa jikoni. "Ya nani hiyo?" mke wangu akauliza.

"Tangazo," nikasema. "Kampuni ya simu, matangazo yao."

Alikuja mpaka mlangoni akifuta mikono, akasimama pale ameegemea mwimo. Alikuwa ameshahesabu, huyu mwanamke. Mia moja themanini na kitu waliingia mmoja mmoja na wametoka mmoja mmoja, na hesabu yote iko kichwani mwake, hajawahi kuiandika.

"Zilibaki mbili," akasema. "Ya kwako na ya kwake. Na wewe ya kwako hujui hata kuifungua."

Nikaiondoa simu sikioni, namba sita ziko pale kwenye kioo.

"Msomee mtoto," mke wangu akasema. "Zile namba hazikai muda mrefu, zitamfia." Akarudi kwenye vikombe vyake, wala hakuuliza swali.